Madam na Mpango wa Vifungo

Niligonga meza ya afisa wa tathmini mpaka kikombe chake kikaruka. Sijivunii. Tulikuwa tumefika Nyeri mjini asubuhi na mapema, mimi na binti yangu Wairimu, tukakaa kwenye benchi na wazazi wengine na watoto wao, na zamu yetu ilipofika afisa hakumtazama mtoto. Alifungua faili. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu: Wairimu, ambaye ana miaka kumi, atolewe kwenye yuniti ya watoto wenye mahitaji maalum katika shule yetu huku upande wa Giakanja, apelekwe shule moja ya mjini ambako watoto kama yeye hukaa darasa la kawaida, na kuna mwalimu wa kuwasaidia. Afisa akasoma kwa sauti, benchi nzima ikisikia: "Lengo la muhula: mwanafunzi atajifunza kufunga vifungo vya sweta bila kusaidiwa." Akageuza karatasi. Muhula uliotangulia, vifungo. Mwaka uliotangulia, vifungo. Mipango tisa, miaka mitatu, vifungo.

"Mama, huyu mtoto hajasonga," akasema. "Akae yuniti miaka miwili ingine, tuone."

Mimi nafuma sweta za shule kwa mashine, pale sokoni Giakanja. Wairimu ana mkono wa kulia uliojikunja tangu kuzaliwa, na maneno yake hutoka polepole, lakini vifungo vya sweta zangu anavishona yeye. Anashona kwa mkono wa kushoto, kitambaa amekibana kwa magoti. Nasema kushona, sijasema kufunga. Kwa hivyo niligonga meza, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Halafu nikafanya kitu kibaya kuliko hizo kelele zote. Nilimgeukia mtoto, nikamfungua sweta mbele ya watu, nikamwambia, "Funga, waone."

Alitazama ile benchi. Akanitazama mimi.

"Mama, hapana," akasema, na sweta ikabaki wazi.

Afisa akaandika kitu. Kisha akanisukumia faili, polepole, bila hasira, akaniuliza sahihi iliyo pale chini ni ya nani. Nikaangalia. Karatasi tisa, sahihi tisa, zote zangu. Kando ya kila moja kulikuwa na nyingine ndogo, ya kuinama, ambayo pia naijua hata nikifumba macho. Ya Madam.

Tangu siku hiyo watu wananiuliza huyo Madam ni mtu wa aina gani, na wanataka jibu la neno moja. Sina.

Shule yetu ina walimu wanawake saba na wote ni Madam, lakini ukisema Madam ukanyamaza, kila mtu anajua ni yule wa yuniti. Ni mrefu, na mgongo umeinama kidogo, kwa sababu ya miaka mingi ya kuinua watoto wa watu kutoka kwenye viti na kuwapeleka choo. Huvaa koti la kijivu la kiume na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, jua liwe kali, ukungu uwe mzito. Ukitia mkono kwenye mfuko wa lile koti utapata kipande cha sabuni, tambara safi, tambara chafu, na pipi za mnanaa zilizoshikana. Wakati wa kwenda uwanjani yeye hutembea nyuma ya watoto. Mwalimu mmoja mgeni alimuuliza kwa nini hatangulii kama walimu wengine. Akamwambia anayetangulia haoni anayeanguka.

Alikuwa na ulimi. Kwa watoto ulikuwa wa asali, kwa sisi mama zao ulikuwa msumeno. Wiki yangu ya kwanza nilisimama mlangoni mwa darasa nikalia, nikidhani ndivyo inavyotakiwa, na nikidhani atanishika bega. Alipita na beseni la nguo akaniita mama kwa Kikuyu, akasema, "Kulia umelia miaka saba, maitu. Sasa shika hapa upande ingine." Alikuwa akisema huruma ni ya Jumapili, Jumatatu watu walete maji. Mzazi akimletea hadithi ya kurogwa alimsikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza kama huyo mchawi ndiye atakuja kumbadilisha mtoto nepi.

Kabla yake, watoto wa yuniti walikuwa wakipangwa nyuma ya choo siku ya gwaride la Jumatatu, ati wasichanganye mistari. Yeye aliwaleta mbele kabisa, chini ya bendera, wale wa viti, wale wa kushikwa mkono, na yule mmoja aliyekuwa akipiga kelele kila wimbo wa taifa ukianza. Naibu wa mwalimu mkuu, mtu wa kutoka Magharibi aliyehamishiwa kwetu, mpole tu lakini mwoga wa aibu, alimwambia kwamba kuna siku wageni watakuja.

"Waje," akasema Madam. "Wakituona mbele watazoea. Wakitukuta nyuma ndio watashtuka."

Hiyo hadithi nilisimuliwa, sikuwepo. Wakati huo Wairimu wangu alikuwa bado nyumbani, na hapa ndipo naingia mimi.

Madam alikuwa akisoma kamba za nguo. Jumamosi alikuwa anatembea vijiji vya huku kwetu Tetu na gambuti zake, kama mtu anayetafuta mbegu za viazi, kumbe anaangalia ua wa kila mtu: nguo gani zimeanikwa, za ukubwa gani. Nyumba inasema haina mtoto na kamba ina nguo za mtoto. Au ina nepi, lakini nepi ni kubwa mno. Mtu anaweza kudanganya chifu, alisema, anaweza kudanganya pasta, lakini kamba ya nguo haina siri. Watoto wengi wa ile yuniti aliwatoa hivyo, kwenye vyumba vya nyuma.

Mimi nilikuwa nimeambia watu kwamba mtoto wangu analelewa na mama yangu Murang'a. Baba yake alienda Kianyaga kutafuta kazi ya majani chai na akakaa huko, na mimi nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, niliyekuwa nikisifiwa kanisani kwa kusoma somo la kwanza bila kukwama. Sikutaka waone nilichozaa. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mgeni akibisha, Wairimu alienda stoo na magunia ya uzi, na alikuwa amezoea hata nilikuwa sihitaji kumwambia.

Madam alibisha. Akaomba chai. Nikampa. Akainywa kwa muda ambao sijawahi kuona mtu akinywa kikombe kimoja, akisifu ng'ombe, akisifu sweta zilizotundikwa ukutani, akiuliza uzi natoa wapi. Stoo ikakohoa. Nikaongea kwa nguvu. Ikakohoa tena. Akaweka kikombe chini.

"Mwambie mgeni wako chai iko tayari," akasema.

Hakuniuliza swali lingine. Alimkuta Wairimu amekaa juu ya gunia la uzi wa kijani, akakaa kando yake pale chini na koti lake, wakanywa chai kikombe kimoja. Jumatatu nilimpeleka shule. Nusu ya wanawake wa soko walikuwa barabarani, au mimi niliwaona hivyo, na Madam alitembea nyuma yetu njia yote.

Sasa mtu kama huyo unamlalamikia vipi?

Ngoja niseme na ile nyingine. Huyu mwanamke ambaye hakuogopa naibu, wala mchawi, wala baba mlevi aliyekuja na panga siku moja kumchukua mtoto wake, aliogopa gari. Gari la wakaguzi wa elimu likiingia getini alikuwa mtu mwingine. Alivua gambuti akavaa viatu vyeusi vilivyombana. Sauti ilipanda juu, ikawa ya msichana wa shule. Niliona kwa macho yangu mara mbili. Mkaguzi kijana, anayeweza kuwa mtoto wake, alikuwa akifungua mafaili na yeye amesimama kando, mikono nyuma, akisema ndio bwana, ndio bwana, huku mtoto anamvuta koti akitaka kwenda choo. Na alikuwa hamsikii. Madam, ambaye alisikia kikohozi cha stooni.

Karatasi hakuzipenda. "Karatasi haioshi mtoto," ndivyo alivyokuwa akisema, na sisi tulicheka, kwa sababu nani kati yetu alipenda karatasi? Lakini kuna karatasi moja ambayo ilikuwa lazima. Kila mtoto wa yuniti anatakiwa kuwa na mpango wake, wake peke yake, kila muhula: anajua nini, hajui nini, atafundishwa nini, nani atamsaidia. Mwalimu anaandika, mzazi anasoma, wanaelewana, wanatia sahihi. Kila kitu baadaye kinatoka hapo, kama kuhamishwa darasa, kuongezewa muda kwenye mtihani, au kupata mtu wa kumwandikia asiyeweza kushika kalamu. Bila mpango mtoto hayupo.

Kwetu ilikuwa hivi. Ijumaa ya kwanza ya muhula Madam alipika uji kwenye sufuria kubwa, tukaitwa. Tulikuja kutoka shambani na sokoni, tukakaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yamefika kidevuni, tukacheka. Huo ulikuwa wakati wetu. Mahali pengine popote tulikuwa mama wa yule, na pale tulikuwa wanawake tu wanakunywa uji. Halafu karatasi zilizungushwa, tupu, zimekunjwa ili mahali pa sahihi pawe juu. Yeye angejaza baadaye, akipata nafasi. Tulitia sahihi huku tukiongea. Mmoja alimwekea mwenzake aliyechelewa.

Najua utasema tulidanganywa. Hatukudanganywa. Nitakuambia kitu ambacho hakuna mama wa ile yuniti atakuambia: tulifurahi kwamba hazijaandikwa. Nani anataka kusoma orodha ya vitu ambavyo mtoto wake hawezi? Kalamu ilikuwa inapita haraka na sisi tulikuwa tunaisukuma ipite. Mimi nilipata alama nzuri ya Kiswahili kidato cha nne. Ikishajazwa, ningeweza kuisoma ile karatasi nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Mara tisa sikuiomba.

Baada ya ile siku ya mjini nilikaa wiki nzima na hasira, na hasira yote niliipeleka kwake. Ilikuwa rahisi. Nikiwa kwenye mashine nilikuwa namtukana kwa mdundo wa mashine. Wairimu alishona vifungo bila kunitazama, na nilijua ni kwa nini. Alhamisi niliandika malalamiko kwenye karatasi ya daftari, kurasa nne, kila mstari Madam, Madam. Jumamosi nikaenda kwake kumsomea usoni, kwa sababu nilitaka kuona atakavyoonekana.

Nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji moto na chumvi. Sikuwahi kuona miguu yake. Ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Anastaafu mwisho wa mwaka huu. Alinionyesha kigoda kingine na mimi nikakataa kukaa.

Nikasoma. Kurasa zote nne. Alisikiliza kama anavyosikiliza hadithi za wachawi, mpaka mwisho.

"Uko na hasira mzuri," akasema. "Mimi pia nilikuwa nayo. Sasa keti, shingo inaniuma nikikuangalia juu."

Nikaketi.

Aliniambia kwamba alipopewa yuniti alikuwa akiandika mipango ya kweli. Alikaa na kila mtoto, akaandika kila mmoja kivyake, mingine kurasa tano. Karatasi zikaenda ofisini zikarudi na wino mwekundu: ndefu mno, lengo halipimiki, andika upya. Akaandika upya, zikarudi. Halafu kulikuwa na kijana mmoja ambaye kweli alikuwa akijifunza kufunga vifungo, akamwandikia hivyo, mstari mmoja. Karatasi ile ilirudi safi. Mkaguzi aliandika chini yake "vizuri sana". Muhula uliofuata akawaandikia watatu vifungo. Zikapita. Kisha wote.

"Hakuna mtu alisoma," akasema. "Miaka yote hiyo. Nilikuwa nangojea mmoja aniulize, kwani Madam, hawa watoto wote wako na shida ya vifungo? Hakuna. Ofisi haikusoma. Nyinyi hamkusoma."

Nikamwambia hiyo si sababu. Nikamwambia kwamba kungoja mtu aulize si kazi ya mwalimu, na kwamba wakati yeye anangoja, mtoto wangu alipoteza miaka mitatu. Sauti yangu ilikuwa imepanda na kuku wakasogea. Akasema ni kweli. Alisema hivyo tu, bila kujitetea, na mimi niliyekuja nimejitayarisha kwa vita nikabaki na karatasi mkononi.

"Kama ulijua anasoma," nikamwambia, "kwa nini hukuniambia?"

Akatoa mguu mmoja kwenye maji, akaurudisha.

"Nilikuambia, mama Wairimu."

Na nikakumbuka. Ilikuwa mwaka wa kwanza, kwenye lango la shule, mvua inaanza. Alinishika mkono akasema huyu mtoto wako ameanza kusoma, amenisomea maneno ya pakiti ya chumvi. Nikatoa mkono wangu. Nilimwambia, neno kwa neno, "Madam, usinichezee na matumaini. Mshikilie tu hapa asiumie." Nilikuwa nimezoea. Nilikuwa na mahali pa kumweka mchana nikafume sweta, hakuna anayeniuliza kitu, na sikutaka mtu anifungulie tena ule mlango wa kungoja mambo mazuri. Wairimu alikuwa amesimama hapo kati yetu na mkoba wake. Alisikia. Mwaka mzima baada ya hapo hakusoma mbele yangu, na aliyegundua kuwa anasoma hakuwa mimi bali mteja aliyeletewa sweta ikiwa imefungwa kwa gazeti, akamkuta anausoma ukurasa.

"Nilifikiria ni wewe unajua mtoto wako," akasema Madam. "Nikaweka vifungo."

Maji yake yalikuwa yamepoa; nilienda jikoni kwake nikaongeza ya moto bila kuambiwa. Nikamwambia bado nitalalamika.

"Enda," akasema. "Enda Jumatatu, Ijumaa hao hufunga mapema. Usiandike tu ati sikuwapenda."

Nikamwambia hilo sikuliandika popote. Akasema anajua, alikuwa anasikiliza.

Niliziacha zile kurasa nne kwenye moto wa jikoni kwake nikitoka. Sikuzichoma kwa sababu ya kumhurumia. Zilikuwa na jina moja tu.

Jumatatu nilifunga duka nikarudi mjini, safari hii na Wairimu akijua tunaenda kufanya nini. Nilimuuliza kama anataka kuja. Alifikiria, akasema atakuja kama sitamgusa sweta. Karani wa mapokezi alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu. Akanipa fomu ya malalamiko, nikaandika pale pale kwenye kaunta, nikamrudishia. Aliisoma kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Mathe, hii mahali ya jina ya mwenye unalalamikia ni ya mtu mmoja," akasema. "Na hapa umejiandika wewe mwenyewe. Huwezi jishtaki."

Nikamuuliza ni wapi kwenye fomu imeandikwa hivyo. Akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Akaita mwenzake, wakanong'ona, wakamtazama mtoto, wakanitazama. Mwishowe alipiga muhuri, nakala yao na yangu. Hii ndiyo niliyoandika:

*Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi wa yuniti aliyetajwa hapo juu. Nalalamika juu ya watatu.*

*Wa kwanza ni mwalimu wa yuniti. Kwa miaka mitatu alimwandikia mtoto wangu mpango usio wake, akijua si wake. Mwalimu huyu ndiye aliyemtoa mtoto wangu nyumbani nilikomficha, na sitaki hilo liondolewe kwenye faili wala litumiwe kufuta hili la kwanza.*

*Wa pili ni mimi. Nilitia sahihi karatasi tupu mara tisa. Niliambiwa mtoto anasoma nikakataa kusikia, yeye akiwepo.*

*Wa tatu ni ofisi hii, ambayo ilirudisha mipango ya kweli na kupitisha ya uongo, na haikuuliza kwa nini yuniti nzima inajifunza kitu kimoja.*

*Naomba yuniti ipewe mwalimu wa pili kabla huyu hajastaafu. Naomba mtoto apimwe upya, na apimwe yeye, sio faili. Naomba mpango wake uandikwe akiwa ameketi chumbani. Na ukishaandikwa, kabla mwalimu hajatia sahihi, kabla yangu, kabla ya afisa yeyote, apewe yeye kwanza ausome.*